Safari ya Mama: saa za ndege Dar hadi Mumbai

Ndugu zangu, habari za jioni. Wengi mmeniuliza Mama atakaa angani muda gani, maana miguu inavimba.

Dar hadi Mumbai kwa anga ni karibu kilomita 4,700. Ziwa letu Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, kwa hiyo ni kama kulipita toka ncha hadi ncha mara saba. Ndege ya moja kwa moja hutumia takriban saa 6. Tiketi ya kuunganisha Addis Ababa au Doha ukijumlisha na kusubiri inaweza kufika saa 10 na zaidi, na kwa hali ya Mama siitaki hata kama ni nafuu. Kila saa moja anyanyuke, atembee ujiani.

Saa za India ziko mbele yetu kwa saa 2 na nusu. Mkiondoka Dar saa 3 asubuhi, mtatua saa 9 alasiri ya Kigoma, lakini saa za kule zitasema 11 na nusu jioni. Dawa ya presha anayokunywa saa 2 usiku hapa Ujiji, kule ni saa 4 na nusu usiku. Dada anayemsindikiza, tafadhali acha saa yako ya mkononi kwenye saa za nyumbani mpaka daktari apange upya. Dawa zikae begi la mkononi, zisiingie kwenye mzigo.

Michango iliyobaki niletewe kabla ya Ijumaa, nilipie tiketi.