Nitumie lile daftari la safari

Mwandani wangu,

Salamu nyingi. U mzima? Na wa nyumbani hawajambo? Huku tu wazima, mitihani imeisha, Babu bado anakoroma hadi hema la jirani linaamka. Tumenyamaziana muda mrefu, wewe na mimi, lakini hayo tutayazungumza tukionana. Sasa nina shida.

Wanataka kutuzuia kwenda porini. Barua ya ofisi ya chuo inasema klabu yetu ya matembezi iendelee kukutana, ionyeshe picha, ialike wageni wa kuzungumza, ila safari za kulala nje zinazoongozwa na wanafunzi zisimame. Anayetaka kwenda ataandamana na waongozaji watakaoajiriwa na chuo. Sababu waliyotoa ni kwamba kule tunakokwenda simu hazishiki mtandao, na mtu akiumia msaada utachelewa.

Hofu yenyewe naielewa. Mtu akilowa na upepo ukampiga, joto la mwili linaweza kushuka chini ya nyuzi 35 hata pasipo na theluji, na hapo ataanza kutetemeka, kisha kusema maneno yasiyoeleweka. Lakini hayo tulifundishwa na nani? Wewe ndiye uliyekuwa ukipekua begi la kila mgeni, unatoa suruali za jinzi na fulana za pamba, unawaeleza kwamba pamba ikilowa haikauki upesi na haitunzi joto. Na Kamanda, na hesabu yake ya kukadiria muda wa kutembea, ile ya Naismith, mpanda milima wa Uskoti, ya tangu 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Halafu anaongeza muda kwa ajili ya yule anayetembea polepole kuliko wote. Msichana wa mwaka wa kwanza akishapiga hesabu hiyo mwenyewe, akapanga saa ya kugeuka, anajua kwa nini tunageuka hata kama kilele kinaonekana. Akimfuata mwongozaji wa kukodiwa, ramani hataifungua.

Hilo ndilo linaloniuma, na nimeshindwa kulieleza vizuri kwenye kikao. Ofisi inadhani sisi tunatafuta mandhari. Mandhari hata basi la watalii litakufikisha. Sisi tunapata mtu wa miaka 20 anayekabidhiwa usalama wa wenzake na kujifunza kusema "leo turudi" huku wote wamenuna.

Halafu si sisi wa kwanza. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, kiliizuia klabu yake ya matembezi isiendeshe safari zake yenyewe, klabu iliyoanzishwa 1920! Hoja mojawapo ilikuwa hiyohiyo ya simu kutoshika. Nilipoisoma habari ile nilidhani ninasoma barua yetu. Lakini kuna chuo cha Dartmouth pia, hukohuko Marekani, ambako mwanafunzi aitwaye Fred Harris alipendekeza klabu ya namna hii mwaka 1909, na mpaka leo wanafunzi ndio wanaoongoza safari. Haya niliyataja kikaoni, wakanisikiliza kwa adabu, basi.

Kwa hiyo tunaandika mapendekezo. Kila safari iache ratiba kwa mtu aliyebaki chuoni, pamoja na saa ya kurudi na saa ambayo, tusiposikika, ataomba msaada. Tununue kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti. Hoja ya mtandao itakuwa imejibiwa. Kiongozi asiongoze kabla hajawa msaidizi na kupata mafunzo ya huduma ya kwanza ya porini. Karibu yote haya tulikuwa tukiyafanya, ila hayakuandikwa mahali ofisi inapoyaona. Kifaa tu ndicho kipya.

Ndipo unapoingia wewe. Stoo imefungwa, na swali lao kubwa ni kamba: zilinunuliwa lini, nani anazikagua? Unajua kamba ya kupandia ina umri wake, hata ikikaa kwenye mfuko bila kutumika. Watengenezaji wengi hawataki ivuke miaka 10. Sisi tulizitupa za zamani, nakumbuka Kamanda alizikatakata ili asije mtu akazitumia. Ushahidi uko kwenye daftari lako lenye jalada la kijani, pamoja na ripoti za safari, na zile tulizogeuka njiani. Hizo za kugeuka ndizo ninazozitaka zaidi. Zinaonyesha kwamba wanafunzi wanaweza kuamua vizuri bila mtu mzima wa kuwasimamia.

Wageni wa mwaka huu ungewapenda. Wanafanya mazoezi ya mafundo ngazini, na mmoja amekariri ishara ya kuomba msaada: filimbi mara sita ndani ya dakika, pumzika dakika moja, rudia. Hajawahi kulala kwenye hema.

Sasa niambie. Daftari bado unalo, au lilibaki kwa Dada Mkuu? Unaweza kupiga picha kurasa za kamba kwanza, kisha ulitume lenyewe? Utaweza kuja kikao kijacho useme kama kiongozi wa zamani, maana mimi nikianza kuzungumza machozi yananilenga? Kamanda bado ana namba ileile? Na goti lako je, limepona kiasi cha kubeba begi? Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi, wanataka mapendekezo wakati huo.

Ni mimi mwenzio wa hema