Risala ya Klabu ya Historia na Sanaa za Kale kwa Mgeni Rasmi: Maisha na Kazi ya Gisela Richter

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa bodi, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru pia wewe, Mgeni Rasmi, kwa kuacha majukumu mengi ya makumbusho unayoyasimamia na kukubali mwaliko wa wanafunzi. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala nyingi huanza na historia ya klabu, idadi ya wanachama na orodha ya mafanikio. Tunaomba utuwie radhi, leo tumeacha hayo. Mwaka huu tumesoma maisha ya mwanamke mmoja aliyefanya kazi kama yako, na maombi tuliyonayo kwako yametoka katika maisha hayo. Kwa hiyo tunaomba kwanza tumtambulishe.

Gisela Richter alizaliwa London mwaka 1882. Baba yake, Jean Paul Richter, alikuwa Mjerumani, bingwa wa sanaa ya Italia na mchambuzi wa maandishi ya Leonardo da Vinci. Dada yake, Irma, alikuwa mchoraji. Sehemu kubwa ya utoto wao ilipita Italia, na huko Roma, akiwa bado msichana, Gisela alihudhuria mihadhara ya Profesa Emanuel Löwy kuhusu sanamu za kale. Tangu hapo hakutaka kazi nyingine.

Mwaka 1901 alijiunga na Chuo cha Girton, Cambridge. Wakati huo Cambridge iliwaruhusu wanawake kusoma na kufanya mitihani, ila shahada haikuwapa. Richter alimaliza mwaka 1904, akaondoka bila shahada, na wanawake waliendelea kunyimwa hadi mwaka 1948. Wasichana wa klabu hii walilipokea jambo hilo kwa uchungu, na mjadala wake ulitumaliza jioni nzima. Yeye alifunga safari kwenda Athens, akasoma mwaka mmoja katika Shule ya Waingereza ya akiolojia, ambako vitu vyenyewe vilikuwa mbele ya macho yake.

Mwaka 1905 alivuka bahari kwenda Marekani pamoja na Harriet Boyd, mwanaakiolojia aliyeufukua mji wa kale wa Gournia, kisiwani Krete. Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York, lilikuwa limenunua vyombo vya udongo vya Kigiriki na lilihitaji mtu wa kuviorodhesha. Ilikuwa kazi ya muda tu. Richter akaifanya vizuri kiasi kwamba mwaka 1906 aliajiriwa, na mwaka 1925 akawa mhifadhi kamili na mkuu wa idara ya sanaa za Kigiriki na Kirumi, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho katika makumbusho hayo. Alikishika hadi alipostaafu mwaka 1948.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vyeo si jambo lililotuvuta kwake. Lililotuvuta ni udongo.

Mitungi ya Athens ya karne ya 6 na ya 5 kabla ya Kristo ina rangi mbili, wekundu wa udongo na weusi unaong'aa, na wasomi wengi waliishia kuzungumzia picha zilizochorwa juu yake. Richter aliuliza mtungi umetengenezwaje. Akiwa tayari mtaalamu anayeheshimika, alijiandikisha darasa la ufinyanzi New York, akakanda udongo, akakaa kwenye gurudumu na kuchoma vyombo vyake mwenyewe. Kisha akarudi kwenye makabati ya makumbusho na kuitazama upya ile mitungi. Sasa aliweza kuona mahali shingo ilipounganishwa na tumbo, mahali mkono ulipofinywa na kubandikwa, na alama za kifaa cha kulainishia. Mwaka 1923 alitoa kitabu kuhusu ufundi wa wafinyanzi wa Athens, na msomaji wake anahisi kwamba mwandishi amewahi kuchafua mikono.

Siri ya ule weusi ilikamilishwa na wengine baadaye, nasi tunaieleza kwa sababu ndiyo iliyotushangaza kuliko yote. Si rangi ya dukani. Ni udongo uleule uliochujwa mpaka ukawa uji laini sana, ukapakwa juu ya chombo. Moto wa kwanza huwa na hewa ya kutosha, na chombo chote huwa chekundu. Kisha mfinyanzi huziba tanuri na kutia kuni mbichi ili moshi ujae, na chuma kilichomo kwenye udongo hugeuza kila kitu kuwa cheusi. Mwishowe hufungua hewa tena: sehemu za kawaida hurudia wekundu, lakini ule uji umeshaziba kama kioo, hewa haipenyi, unabaki mweusi. Mafundi wale walifanya hivyo bila kipimajoto, kwa kusoma rangi ya moto kupitia tundu dogo.

Kazi yake kubwa ya pili ni ya sanamu za marumaru za vijana waliosimama uchi, mguu wa kushoto mbele, mikono ubavuni, ngumi zimefumbwa. Wagiriki walizisimamisha makaburini na mahekaluni, kuanzia karne ya 7 hadi mwanzoni mwa ya 5 kabla ya Kristo, na chache mno zina tarehe. Makumbusho ya New York ilinunua moja mwaka 1932, ndefu kiasi cha mita 1.95. Katika picha zake tumelitazama sikio: limechongwa kama pambo la mizunguko, wala si nyama. Goti nalo ni mistari iliyokatwa. Ukiiweka picha hiyo kando ya sanamu ya kijana iliyopatikana Anavysos, Ugiriki, na iliyoko Athens, ya miaka ya 530 hivi kabla ya Kristo, unaona mashavu yamejaa na mapaja yamevimba kwa nguvu. Richter, akisaidiana na dada yake Irma aliyeujua mwili wa binadamu kwa jicho la mchoraji, alifuatilia masikio, magoti na misuli ya tumbo kutoka sanamu moja hadi nyingine, akazipanga kwa makundi na zamu zake. Kitabu kikatoka mwaka 1942. Wapo waliompinga baadaye, kwamba sanaa haiendi kwa mstari ulionyooka, na fundi wa mbali anaweza kushika mtindo wa zamani wakati mwenzake wa mjini ameshauacha. Tunadhani wana hoja. Hata hivyo, kila anayezichunguza sanamu hizo bado anaanzia kwake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukutaka kumsifu tu. Kati ya mwaka 1915 na 1921 makumbusho yake ilinunua wapiganaji wawili wa udongo na kichwa kimoja kikubwa mno, vikisemwa kuwa vya Waetruska wa Italia ya kale. Vilianza kuonyeshwa mwaka 1933, na mwaka 1937 Richter alivichapishia utafiti akivitetea. Vilikuwa bandia. Wataalamu kadhaa wa Italia walikuwa wametia shaka mapema. Joseph Noble, wa makumbusho hayohayo, alipoupima weusi uliopakwa kwenye sanamu hizo alikuta madini ya manganizi, kitu ambacho mafundi wa kale hawakukitumia kutengenezea weusi wao. Januari 1961 Alfredo Fioravanti, mmoja wa walioviunda, alikiri Roma katika ofisi ya ubalozi mdogo wa Marekani. Mmoja wa wapiganaji alikosa kidole gumba. Fioravanti alikuwa amekitunza miaka yote hiyo, na kilipojaribishwa kikakaa sawasawa mahali pake.

Tuliumia kulisoma hilo, maana tulishampenda. Mwanamke aliyeuelewa udongo kwa vidole vyake alidanganywa na udongo. Tulichokiona ni kwamba vitu hivyo vilimfikia vikiwa vipande vilivyonunuliwa kwa mawakala, bila shimo vilikofukuliwa, bila kumbukumbu ya nani aliviona vikitoka ardhini. Kitu kisicho na asili inayojulikana kinaweza kumshinda hata bingwa.

Fioravanti alipokiri, Richter alikuwa na miaka 78, anaishi Roma alikohamia mwaka 1952. Hakuacha kazi. Mwaka 1965 alitoa majuzuu matatu kuhusu sanamu za sura za Wagiriki mashuhuri, na mwaka 1968 kitabu cha sanamu za wasichana, pacha wa kile cha vijana. Mwaka huohuo Taasisi ya Akiolojia ya Marekani ilimtunukia nishani yake ya dhahabu. Alifariki Roma Desemba 1972, akiwa na miaka 90.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya kuyasema hayo tunaleta maombi yetu.

Tunaomba siku moja utufungulie stoo, mahali vinapokaa vigae ambavyo havionyeshwi kwa umma. Tunaomba tuvishike chini ya uangalizi wako, tuvipime, tuvichore pande zote mbili na kusoma kadi zake: kilitoka shimo lipi, tabaka lipi, nani alikifukua. Tunaomba pia utuunganishe na mfinyanzi mzoefu atakayekubali kutufundisha, naye alipwe kama mwalimu. Kwa malipo hayo klabu imeshaanza kuchanga. Na tunaomba, wakati wa likizo ndefu, nafasi mbili za mafunzo kwa vitendo katika makumbusho yako, moja kati ya hizo iwe ya msichana.

Changamoto zetu za vitabu na kamera Mkuu wa Shule anazifahamu na ameahidi kuzishughulikia, hivyo hatutakuchosha nazo. Michoro yetu ya masikio na magoti ya zile sanamu imebandikwa ukutani nyuma yako. Tungefurahi sana kama ungeikagua na kutuonyesha makosa yetu kabla hujaondoka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Historia na Sanaa za Kale