Barua kwa Mwanangu: Bibi Yako Kabla Hujamjua

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku Tanga hatujambo. Hitima ya bibi yako imekwenda salama na wengi walikuulizia. Najua inakuuma kwamba hukuwahi kumzika, ndiyo maana nakuandikia. Wewe ulimkuta mzee wa kukaa barazani na tasbihi yake. Mimi nilimjua mwingine.

Mama hakuajiriwa maisha yake yote. Utotoni alisomea chuoni tu, kwa hiyo Kurani aliisoma vizuri, lakini kuandika Kiswahili alijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Mwaka 1973, redio ilipokuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, akina mama wa mtaani walikusanyika uani kwetu kusikiliza. Yeye ndiye aliyewasomea kijitabu, kidole kikifuata mstari. Tangu hapo maji ya kunywa kwetu yalichemshwa na kuchujwa kwa kitambaa cheupe, hata kuni zilipokuwa za shida.

Kusoma huko ndiko kulikomfanya kijumbe wa upatu. Alikuwa na daftari la shule lililofungwa kwa uzi, majina upande huu, fedha upande ule, na alama ya vema kwa kila aliyetoa. Pesa za watu alizifunga kwenye pindo la khanga mpaka zimfikie mwenye zamu. Baba alipokwama hakuthubutu kumwomba akopeshwe humo, maana jibu alilijua: hizi si zetu.

Halafu ikaja miaka ya baada ya vita vya Kagera. Sukari foleni, sabuni foleni, khanga ndiyo usiseme. Tulikula unga wa njano, na watu waliulalamikia sana. Sisi ulitushuka kwa sababu ya mboga yake. Nazi moja aliikamua mara tatu. Kisamvu kilichemkia kwenye tui jepesi, na lile zito alilimimina mwishoni, moto ameshaupunguza, akikoroga bila kuacha lisikatike. Machicha walipewa kuku. Mpaka leo nikila kisamvu kilichokatika tui namkumbuka, na sikimalizi.

Katika miaka hiyohiyo nilichaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Zamu yake ya upatu ndiyo iliyonunua sanduku la bati, blanketi na nauli. Yeye alibaki na khanga zilezile zilizopauka.

Juzi kwenye hitima mama mmoja alinishika mkono akanieleza kwamba alijifungua usiku, mumewe yuko safarini, na bibi yako akampelekea fedha za zamu yake ya upatu kabla ya siku yake, baada ya kuzunguka nyumba zote kuwaomba wenziwe ridhaa. Sikuwahi kulisikia hilo nyumbani. Hakulisema.

Daftari limebaki kabatini mwake. Ukija likizo tutalisoma pamoja. Baadhi ya majina utayatambua, ni bibi za rafiki zako. Mitihani ifanye kwa utulivu, na umwombee dua.

Baba yako