Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa LATRA: basi likiharibika njiani, abiria ashike wapi?

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Pokea salamu kutoka Moshi. Nina maombi mawili, na yote yamo ndani ya uwezo wa LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini unayoiongoza. La kwanza, kila tiketi ya basi la masafa marefu ioneshe haki za abiria pale basi linapoharibika njiani: atasubiri kwa muda gani, nani atamfaulisha, yaani kumhamishia basi jingine, nauli yake itarudi vipi, na akilala njiani nani atalipia chumba. La pili, mtangaze kwa majina kampuni ipi mabasi yake yaliharibika, wapi, na abiria walikaa barabarani kwa muda gani kabla ya kupata basi jingine.

Mimi ni dereva wa watalii. Nashinda barabarani kati ya uwanja wa ndege wa KIA, Arusha na hifadhi za kaskazini, na familia yangu, kama familia nyingi za huku, inategemea basi kwenda Dar es Salaam. Najua gari lilivyo. Mkanda wa feni hukatika bila kuaga, rejeta hutoboka, tairi jipya hupasuka. Kwa hiyo sikuandikii kulalamika kwamba mabasi yanaharibika. Nakuandikia kuhusu yale yanayofuata dereva akishazima injini na kufungua mlango.

Jambo hili nimelifikiria sana kwa sababu ya wageni ninaowabeba. Wengi ni wastaafu kutoka Marekani na Uingereza, watu waliokwisha kuzunguka bahari nyingi kwa meli za utalii kabla ya kufika Tarangire. Njiani mazungumzo hayaishi, na mara kwa mara yanaangukia kwenye meli zilizozimika. Kila mmoja ana kampuni yake, na wanabishana kama sisi tunavyobishana Simba na Yanga. Huyu hapandi meli za kampuni fulani hata akipewa bure, yule amezipanda miaka na miaka na hataki kusikia neno baya juu yake.

Meli wanayoitaja sana ni Carnival Triumph. Februari 2013 iliondoka Galveston, Texas, kwa safari fupi ya kwenda Mexico na kurudi. Tarehe 10 moto ulizuka kwenye chumba cha injini baada ya mafuta kuvuja kwenye hosipaipu. Moto ulizimwa na hakuna aliyekufa, lakini umeme ulikatika, na ndani mlikuwa na watu zaidi ya 4,200. Bila umeme vyoo havikufanya kazi, viyoyozi vilizimika, majiko yakapoa. Watu walitoa magodoro vyumbani wakalala sitahani kukimbia joto na harufu. Walijisaidia kwenye mifuko ya plastiki. Foleni ya chakula ilikula saa nzima na zaidi. Boti za kuvuta meli ziliikokota mpaka Mobile, Alabama, ikafika usiku wa tarehe 14.

Haikuwa ya kwanza. Novemba 2010 meli nyingine ya kampuni hiyo, Carnival Splendor, ilizimika kwa moto wa chumba cha injini upande wa Pasifiki wa Mexico ikiwa na watu karibu 4,500, hadi jeshi la majini la Marekani likapeleka vyakula. Na Februari 2012, kwenye bahari yetu hii hii ya Hindi, Costa Allegra iliungua chumba cha jenereta ikitoka Madagaska kwenda Shelisheli. Watu zaidi ya 1,000 walikaa gizani na kwenye joto mpaka meli ya Wafaransa ya kuvua jodari ilipowakokota hadi Mahé.

Sasa nikueleze ninachokisikia kwa wageni, maana ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Hasira yao haiendi na ukubwa wa hitilafu. Mama mmoja niliyempeleka Ngorongoro alikuwa kwenye meli iliyopata hitilafu ya propela ikaruka bandari mbili. Nahodha alizungumza nao kwenye vipaza sauti asubuhi na jioni, akawaambia kimeharibika nini na wanafanya nini, na fidia iliwafikia kabla hawajaidai. Anaisifu kampuni ile mpaka leo. Katika gari hilo hilo kulikuwa na mzee ambaye hajawahi kuharibikiwa na meli hata mara moja, lakini kuna kampuni ameiapia kwa picha alizoziona kwenye televisheni. Na wengi hawajui kwamba Carnival, Princess, Holland America, Cunard na Costa zote ni za mmiliki mmoja. Anayeikimbia Carnival akapanda Princess, nauli yake inaingia mfuko ule ule.

Maana yake ni kwamba mapenzi ya abiria kwa kampuni hayakuambii hali ya injini. Mwaka 2019 meli ya kampuni yenye jina kubwa, Viking Sky, iliyokuwa na umri wa miaka 2 tu, ilizima injini zote katikati ya dhoruba karibu na miamba ya Norway. Mamlaka ya bahari ya nchi hiyo ilieleza kuwa oili ya kulainisha injini ilikuwa chini ya kiwango. Watu zaidi ya 400 walinyanyuliwa mmoja mmoja kwa helikopta. Jina zuri halikujaza oili.

Baada ya Triumph, wabunge wa Marekani walikuja juu. Seneta Chuck Schumer wa New York alidai abiria wa meli wawe na hati ya haki zao. Carnival ilitangaza kutenga dola milioni 300 kwa majenereta ya dharura na marekebisho mengine kwenye meli zake, na Mei 2013 chama cha kampuni za meli za utalii, CLIA, kikatoa hati hiyo. Inasema safari ikifutwa kwa hitilafu ya mitambo, abiria anarudishiwa nauli yote. Ikikatishwa katikati, anarudishiwa sehemu. Anapewa taarifa kwa wakati. Anasafirishwa hadi bandari aliyopaswa kushukia au mjini kwake, na ikibidi kulala mahali pasipopangwa, malazi ni juu ya kampuni. Ni maneno machache, na mgeni wangu mmoja alinionesha kwenye simu yake tukiwa tunasubiri lango la hifadhi lifunguliwe.

Sasa twende kwenye barabara yetu.

Nilikuwa namsindikiza shangazi kwenda kliniki hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Tulipopita Hedaru basi likaanza kunukia mpira, kisha likachemka kabisa. Tanboi alishuka na dumu la maji, mvuke ukamrukia, akarudi nyuma akishika mkono. Konda akatuambia, "Dakika kumi tu, jamani," akapanda bodaboda kwenda kutafuta hosipaipu, na tangu hapo simu yake ikawa haipatikani. Dereva alikaa kwenye usukani bila kusema neno. Unaijua ile sehemu, Ndugu Mkurugenzi: jua la upareni halina huruma, na miti ya kivuli ni ya kuhesabu. Mama mwenye mtoto mchanga alikaa chini ya ubavu wa basi, upande ule ule yanakopita malori. Shangazi ana kisukari na hula kwa saa. Tulimpata kijana wa baiskeli mwenye maji na karanga, bei ikiwa maradufu, tukanunua.

Mabasi yalipita yamejaa. Lililokuwa na nafasi mbili tatu konda wake alisema sawasawa kwa upande wake: "Mimi hamkunilipa." Wenye hela mfukoni walilipa upya wakaondoka. Wasio nazo walibaki, na waliobaki walikuwa wazee, wanafunzi na mama mwenye mtoto. Sisi tulilipa. Tulifika Mbezi usiku wa manane, shangazi akiwa amevimba miguu, na asubuhi hakuweza kusimama kwenye foleni ya kliniki. Akapangiwa tarehe nyingine.

Pale barabarani mzee mmoja alitoa tiketi yake akaisoma kwa sauti, akitafuta kama kuna mahali panapomsaidia. Ilisema: fika stendi nusu saa kabla ya safari, chunga mzigo wako, nauli ikishalipwa hairudishwi. Hakuna kingine. Najua LATRA ina kanuni za huduma kwa abiria, na najua lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Ardhini. Lakini abiria wa Hedaru hana kanuni mkononi, ana tiketi. Mambo yote matatu yaliyoandikwa pale yanamlinda mwenye basi. Liongezwe hata moja la kumlinda abiria, pamoja na namba yenu ya simu ya bure, kwa herufi ambazo mzee atazisoma bila miwani.

Nenda stendi ya Moshi uulize watu kwa nini wanapanda basi wanalopanda. Utaambiwa dereva ni mtu wa nyumbani, viti vinalala vizuri, soda ni ya baridi, mzigo wa ndizi haupondwi. Ni sababu nzuri na sizidharau. Hakuna atakayekwambia kuhusu matengenezo, kwa sababu hakuna anayejua. Hapo ndipo ombi langu la pili lilipo. Marekani, taasisi ya afya iitwayo CDC imekuwa ikikagua usafi wa meli za utalii kwa kushtukiza na kuzipa alama kati ya 100. Inayopata 85 au chini imefeli. Matokeo hutangazwa kwa jina la meli, na mtu huyaangalia kabla ya kukata tiketi. Sisi tuna mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi, uliofungwa kwa kusimamiwa na ninyi wenyewe. Basi likisimama Hedaru kwa saa nne, mfumo unaona. Tiketi siku hizi ni za mtandao, jina na namba ya simu ya abiria vimo. Anayeweza kumkatia mtu tiketi kwa simu anaweza kumtumia ujumbe kwamba basi la kuwafaulisha limetoka Korogwe, na anaweza kumrudishia nauli kwa simu hiyo hiyo.

Rekodi iandikwe kwa namba ya usajili wa gari pamoja na mmiliki. Majina hubadilika. Hata ile Triumph ilifanyiwa ukarabati mkubwa, na mwaka 2019 ikarudi baharini ikiitwa Carnival Sunrise.

Wenye mabasi watakuwa na hoja, na moja ni nzito: tukitangaza idadi ya hitilafu, madereva watalazimishwa kukokota basi bovu mpaka mwisho ili lisihesabiwe, na hapo mtu atakufa. Kama dereva naikubali hatari hiyo, na ndiyo maana nasema kipimo cha kwanza kiwe muda wa kusubiri. Kampuni inayosimamisha basi mapema, ikawaeleza abiria ukweli na kuleta jingine ndani ya saa moja na nusu, isipigwe faini hata senti, na itangazwe kwa uzuri huo. Adhabu imwangukie anayewaacha watu na kuzima simu.

Nimalizie na Desemba, kwa sababu haiko mbali kwa mtu anayepanga. Unajua Wachaga tunavyorudi nyumbani Krismasi, na kila mwaka mabasi ya njia nyingine hupewa vibali vya muda kuja kuongeza nguvu. Tunayashukuru, bila hayo wengi wasingefika. Lakini basi lililozoea njia za kusini, likiharibika Mkata saa nane usiku, halina wakala wala fundi wala basi ndugu kwenye barabara hii. Na tangu mwaka 2023 mabasi yaruhusiwe kusafiri usiku, hiyo saa nane usiku ni jambo la kweli. Naomba kibali cha muda kisitolewe mpaka mwombaji aandike ni basi gani, la nani, litakalowafaulisha abiria wake kati ya Chalinze na Himo, na namba ya simu ya mtu atakayepokea usiku.

Naomba jibu lenu litoke hadharani kabla vibali hivyo havijaanza kutolewa. Mkihitaji abiria wa kukaa nanyi mezani na kusoma rasimu ya maneno ya nyuma ya tiketi, nipo Moshi, na shangazi amesema naye atakuja.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Dereva wa watalii, Moshi