Kabla Hujasema Mtutu Umeharibika: Kuchagua Risasi za Kindi wa Ardhini

Jumapili moja ya mwezi Aprili, baada ya ibada, mteja wangu mmoja aliwaambia wenzake nje ya kanisa kwamba fundi bunduki anayezungumza Kiswahili hapa kusini mwa Idaho amemwibia. Maneno hayo yalinifikia kabla ya chakula cha mchana, kwa kuwa jamii yetu ya watu waliotoka Kongo, Burundi na Tanzania ni ndogo na simu ni nyingi. Sikushangaa, maana shutuma hiyohiyo huletwa karakanani kila mwaka, tangu kindi wa ardhini, waharibifu wa mashamba ambao wateja wangu huwawinda, wanapotoka mashimoni mwishoni mwa majira ya baridi hadi wanaporudi kulala katikati ya kiangazi: bunduki ilipiga vizuri ilipotoka kwa fundi, sasa haipigi, basi fundi ndiye aliyeiharibu. Nimeona ni heri niandike jambo hili mara moja, ili nisilazimike kulieleza upya kwa kila anayeingia mlangoni na uso uliokunjamana.

Mteja huyo, ambaye ni mtu mzima na ninamheshimu, alinunua kwangu bunduki ya .223 (namba hizi ni jina la kaliba, yaani aina na saizi ya risasi) ya kukoki kwa mkono, iliyokwisha kutumika, yenye mtutu wa miaka mingi lakini uliotunzwa. Nilimfungia darubini, nikailenga mbele ya macho yake kwa umbali wa mita 90, na risasi tano zikaingia katika eneo ambalo sarafu ya robo dola ingetosha kulifunika. Baada ya wiki tatu alirudi na karatasi ya shabaha iliyotobolewa huku na huku. Matundu mawili yalikuwa marefu kama tundu la ufunguo, na moja lilikuwa na umbo zima la kichwa cha risasi kilichopita kikiwa kimelala ubavu, hata ncha yake ukaiona. “Bwana fundi, mtutu huu umeoza,” aliniambia. Nikamwomba anionyeshe boksi la risasi alizotumia. Lilikuwa la vichwa vya greni 77 (greni ni kipimo cha uzito), alilolipata kwa nusu ya bei kwa jirani aliyekuwa akihama.

Nilichukua ufito wa kusafishia, nikaufunga kitambaa kilichobana, nikauingiza mtutuni na kuutia alama ya kalamu ya wino upande wa juu. Kisha nikamwambia mzee ausukume mwenyewe polepole na kuiangalia ile alama. Ilizunguka kulia, ikapotea chini, ikaibukia upande wa pili, na ilipofika tena juu tukapima kwa rula urefu uliokwisha kuingia: inchi 12. Mtutu ulikuwa mzima kabisa. Kilichokosewa ni chakula chake.

Mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu ndiyo inayokizungusha kichwa cha risasi ili kiruke kikitanguliza ncha, na kadiri kichwa kinavyokuwa kirefu ndivyo kinavyodai kuzungushwa kwa kasi zaidi. Mtutu unaokamilisha mzunguko mmoja kwa inchi 12 huvimudu vizuri vichwa vya greni 40 hadi 55, lakini kichwa cha greni 77 huhitaji mtutu wa mzunguko mmoja kwa inchi 8 au 7. (Kwa wasiokizoea kipimo hiki, greni 15.4 ni gramu moja, kwa hiyo kichwa cha greni 55 kina uzito wa gramu tatu na nusu tu.) Kinyume chake pia hutokea: vichwa vyepesi vyenye ganda jembamba la shaba, vikipigwa kwa mwendo mkubwa katika mtutu wa mzunguko wa inchi 7, huweza kupasuka hewani, ukaona kivuli cha kijivu katikati ya njia na karatasi ikabaki safi kama ulivyoibandika. Kwa kawaida kipimo hiki cha mzunguko kimepigwa chapa juu ya mtutu wenyewe, karibu na jina la risasi. Katika bunduki za zamani mara nyingi hakikupigwa, na hapo ndipo ufito na rula vinapohitajika, kazi ya dakika kumi ambayo siitozi hata senti.

Swali ninaloulizwa zaidi ni risasi ipi iliyo bora, nami hujibu kwa kuuliza maswali matatu: utapiga kutoka umbali gani, upepo wa hapo ukoje, na kwa siku moja unatarajia kufyatua mara ngapi. Mwenye shamba la lusani la ekari chache, ambaye kindi wanamchimbia mashimo hatua sitini kutoka zizini, hahitaji kitu kikubwa kuliko .22 LR, risasi iliyokuwapo tangu 1887 na ambayo hadi leo ndiyo rahisi kuliko zote dukani kwangu. Kasoro yake ni mwendo mdogo. Ukiilenga sawasawa kwa mita 50, kwa mita 100 itakuwa imeshuka zaidi ya sentimita 15, na kindi mwenyewe akisimama wima hana upana wa kiganja.

Kwa anayepiga hadi mita 130 au 150 mimi hupendekeza .17 HMR, iliyoingia sokoni mwaka 2002. Kichwa chake ni cha greni 17, yaani gramu moja na ushee, lakini hutoka mtutuni kwa karibu mita 775 kwa sekunde na kwenda kama kamba iliyonyooshwa. Wateja huipenda, kisha huilaumu. Uwanda wa mto Snake, hapa kwetu, ni wa upepo, hasa baada ya saa sita mchana, na kichwa chepesi kiasi hicho, upepo wa kilomita 16 kwa saa ukikipiga ubavuni, kitasogezwa zaidi ya sentimita 35 kinapofika mita 180. Hakuna fundi anayeweza kuuondoa upepo huo kwa kukaza skrubu za darubini, ingawa nimeombwa kufanya hivyo zaidi ya mara moja.

Kuanzia mita 150 hadi 250 hivi, .223 ndiyo inayomfaa mtu mwenye bunduki moja na mfuko wa kawaida. Ilianza kuuzwa kwa raia mwaka 1964, risasi zake zimejaa kila duka, haipigi bega kwa nguvu, na mpigaji huweza kuiona shabaha yake ikipigwa bila kuinua jicho kutoka kwenye darubini. Zaidi ya hapo kuna .204 ya mwaka 2004, ambayo kichwa chake cha greni 32 hutoka kwa mwendo unaokaribia mita 1,290 kwa sekunde, na kuna .22-250, ambayo mafundi walijitengenezea wenyewe tangu miaka ya 1930 hadi kiwanda kilipoipokea rasmi mwaka 1965. Zote mbili ni nzuri sana, na zote mbili zimenigombanisha na watu.

Mteja mmoja kijana aliichagua .22-250 kwa sababu aliona video za wawindaji wa Wyoming na South Dakota wakiwapiga kwa mbali wale kindi wakubwa ambao Wamarekani huwaita mbwa wa nyika. Nilimshauri awe na bunduki mbili, au apige risasi tano, afungue komeo (kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) na kuuacha mtutu upoe hadi aweze kuushika kwa mkono. Alifyatua, kwa maelezo yake mwenyewe, zaidi ya risasi 200 kabla ya saa sita, siku baada ya siku, kwa misimu miwili. Alipoileta akidai kwamba nilimwuzia chuma kibovu, niliingiza kamera ndogo mtutuni na kumwonyesha kwenye kioo: pale mifereji inapoanzia, sehemu ambayo sisi mafundi huiita koo, chuma kilikuwa kimepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Risasi yenye baruti nyingi nyuma ya tundu dogo huunguza koo la mtutu, na joto lisilopewa nafasi ya kupungua huharakisha kazi hiyo mara nyingi. Alilipia mtutu mpya na kazi ya kuufunga, na sasa huenda shambani na .223 kwa risasi za asubuhi, akaiweka ile kubwa kwa shabaha chache za mbali.

Njia ya mkato inayoniudhi kuliko zote ni ile ya kununua makasha ya risasi za mtindo wa kijeshi, zile ambazo kichwa chake kimefunikwa shaba mwili mzima, kwa kuwa kila moja ni nafuu. Risasi hizo hazikutengenezwa kwa kazi hii. Humpitia mnyama bila kufunguka, naye akaingia shimoni kufa taratibu, na zikigusa jiwe au ardhi kavu hudunda zikiwa nzima na kuendelea na safari. Mwenye shamba mmoja alijiwekea akiba ya dola zisizofika 40 kwa kasha la namna hiyo, kisha risasi moja ikadunda na kutoboa bomba la alumini la umwagiliaji lililokuwa nyuma ya tuta. Gharama ya kulibadilisha ilizidi risasi alizonunua mwaka mzima, na alikuwa na bahati kwamba upande ule palikuwa na bomba na si ng'ombe wala mtu. Vichwa vyembamba vyenye ncha ya plastiki, ambavyo huvunjika vipande vidogo vinapogusa kitu, ndivyo ninavyoviweka rafuni, na bei yake ni kubwa kwa sababu hiyo.

Hapa lazima niseme neno kuhusu madini, kwa kuwa lugha yetu imetupa jina moja, risasi, kwa kinachotoka mtutuni na kwa madini yaliyomo ndani yake. Kusini mwa Boise, mji mkuu wa Idaho, kuna eneo la hifadhi ya ndege wawindaji lililoanzishwa na Bunge la Marekani mwaka 1993, na tai, mwewe na vipanga wa huko huwala kindi walioachwa uwandani pamoja na chembe za madini hayo yenye sumu. Vichwa vya shaba tupu vipo kwa kaliba nyingi nilizozitaja. Ni virefu kuliko vya madini ya risasi vya uzito uleule, kwa hiyo tunarudi kwenye ule ufito na rula kabla hujanunua.

Najua boksi langu ni ghali kuliko la duka kubwa la barabara kuu. Mimi hununua makasha yenye namba ileile ya toleo la kiwandani, nikafungua moja, nikalijaribu katika bunduki ya mteja, na nikamwekea mengine yaliyobaki ya namba hiyohiyo, ili shabaha ya Machi iwe ileile ya Juni. Kulenga bunduki natoza dola 60, ambazo ni pamoja na risasi 20, karatasi iliyoandikwa tarehe, umbali na aina ya risasi, na saa nzima ya uwanjani. Ile karatasi iwekeni ndani ya mkoba wa bunduki, maana ndiyo ninayoitaka kwanza mnapokuja na malalamiko.

Jambo la chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, nalo lisichukuliwe kwa wepesi: bunduki iliyoandikwa 5.56 (risasi ya kijeshi inayofanana sana na .223) hupokea .223 bila shida, lakini iliyoandikwa .223 pekee isitiwe risasi za 5.56, kwa kuwa koo lake ni fupi zaidi na shinikizo huweza kupanda kupita kiasi. Leseni ya uwindaji ya jimbo inahitajika hata kwa wanyama waharibifu, ruhusa ya mwenye shamba iombwe mapema, na yule kindi aitwaye kwa Kiingereza northern Idaho ground squirrel, ambaye tangu mwaka 2000 analindwa na sheria ya shirikisho, haguswi kabisa.

Yule mzee alirudi na boksi la greni 50, tukapiga tena kwa mita 90, na karatasi yake mpya ameibandika mwenyewe ukutani mwa karakana, kando ya ile yenye tundu la ufunguo. Nafasi za kulenga kwa msimu ujao zitafunguliwa Januari. Njooni na bunduki ikiwa tupu na komeo wazi, pamoja na kila boksi la risasi mlilo nalo nyumbani, hata lile la jirani.