Taarifa ya mwenyekiti, mwaka 2024: tulivyosikiza stima

Wanachama wenzangu, hamjambo. Hii ndio taarifa yangu ya mwaka na nitaanza na muziki, mambo ya pesa yako huko chini, manake chama tulikianzisha juu ya kusikiza muziki pamoja na mwaka huu umetupa muziki mwingi kweli.

Mnakumbuka ile Jumamosi ya Agosti tukisikiza Natur ya KMRU. Kwa wale wapya, KMRU ni Joseph Kamaru, kijana wa Nairobi ambaye siku hizi yuko Berlin, na hii albamu ilitoka Julai kwa lebo ya Touch ya Uingereza. Ni kipande kimoja tu cha zaidi ya dakika 50, hakuna ngoma, hakuna mtu anaimba, ni mvumo na mikwaruzo, na ndani yake kuna mawimbi ya vitu vya stima ambayo sikio hivi hivi haliwezi kuyapata, ameyanasa na maiki za kazi hiyo. Sasa tukiwa kama katikati hivi, stima ikapotea mtaa mzima. Spika kimya. Nilikuwa niwaambie tutarudia siku ingine lakini hakuna mtu aliinuka, na kwa ile giza ndio tukagundua friji ilikuwa inavuma huo muda wote, taa ya ukutani ilikuwa inalia, na sasa vyote vimenyamaza tunasikia mbwa wa mbali na jenereta ya jirani ikikataa kuwaka. Tulikaa hivyo karibu nusu saa. Stima iliporudi kila kitu kikaanza kuvuma pamoja na mtu mmoja nyuma akasema polepole, "kumbe ni hii." Tangu tuanze sijapenda kikao kama hicho.

Kikao kilichofuata mama ya mwanachama wetu alikuja juu aliona jina Kamaru kwa meseji. Yeye anamjua Kamaru yule mwingine, babu, Joseph Kamaru wa nyimbo za Kikuyu aliyefariki Oktoba 2018. Alikaa akangoja, baadaye akauliza gitaa inaingia saa ngapi. Tukamweleza huyu ni mjukuu, wana jina moja, na ni huyo huyo mjukuu amekuwa akiweka kazi za babu yake Bandcamp, ile tovuti wasanii huuza muziki wao, zisipotee. Tukamwekea wimbo wa babu, akauimba wote hadi mwisho, alafu akaomba tumrudishie ile ya mjukuu. Akasema inafanana na mashini ya kusaga unga ukiisikia ukiwa bado mbali njiani. Mimi nimesoma maneno mengi juu ya huu muziki lakini hakuna aliyenifafanulia vizuri kama huyo mama, na namwalika tena.

Wale hupenda muziki wa kama sinema, yenu ilikuwa albamu ya Disconnect, KMRU na mwanamuziki Mwingereza Kevin Richard Martin, ya mwaka huu pia. KMRU anaongea tu, haimbi, na besi ya Martin inamzunguka nzito pole pole, sikizeni na hedifoni usiku.

Albamu ya The Adept ya Lord Spikeheart, Mkenya mwenzetu, iliwagawanya, najua, wengine mlitoka nje. Ni kelele, ndio. Lakini naomba muirudie mkijua huyu ndiye ile sauti ya Duma, ile bendi ya Nairobi ya muziki mkali wa mayowe, kwamba ameitoa kwa lebo yake mwenyewe, na kwamba nyuma ya hiyo kazi kuna nyanya mkuu wake, Field Marshal Muthoni wa Kirima wa Mau Mau, aliyetuacha 2023. Mtu wa ukoo huo akipiga mayowe mimi nanyamaza nasikiza.

Alafu vijana wawili wetu baada ya kusikia albamu ya Afrorack ya 2022 wameanza kununua waya na vipuri. Afrorack ni Brian Bamanya wa Uganda, alijiundia sinthesaiza, ile mashini ya stima ya kutoa sauti za muziki, yake mwenyewe sababu za dukani bei haikamatiki. Nimewaruhusu watumie ile meza ya chama.

Pesa sasa. Michango ilitosha, kila albamu tuliyosikiza tumeinunua, risiti ziko kwa mwekahazina. Lakini kuna wanachama wanachukua faili wanazisambaza kwa magrupu ya WhatsApp na hii imeniuma sana. Bandcamp inakata kama asilimia 15 kwa albamu ya kudaunlodi na zile Ijumaa zao maalum haikati sehemu yake, kwa hivyo ukilipa, nyingi inafika kwa msanii au lebo yake, na hawa ni watu wa muziki usiochezwa redio, mnunuzi mmoja ni mtu wa maana kwao. Tafadhali muache kusambaza. Kama huna pesa niambie, tutakusikizisha bure kikaoni.

Ukumbi tuliolipia Novemba ulitufungia mlango na pesa hatujarudishiwa, katibu bado anafuatilia.

Kikao cha Januari ni kwa mwekahazina. Kila mtu alete dakika moja ya sauti ya kwao, simu inatosha kurekodi, usiongee juu yake. Mwekahazina ameshachagua transfoma ya nyuma ya nyumba yake, mama yetu amesema ataleta mashini ya unga.