Harambee ya kutoa bluugamu kando ya mito yetu, Sagalla

Wazee wetu, mama zetu, vijana, na nyinyi nyote watoto wa Sagalla mlio Voi, Mombasa, Nairobi na kule Gulf, salamu nyingi. Sisi kikundi cha kanisa hapa juu mlimani tunawaita kwa harambee Jumapili ya pili ya mwezi ujao baada ya ibada. Pesa ni ya kutoa mibluugamu (mikaratusi) iliyopandwa kwenye kingo za vijito na kurudisha miti yetu ya asili, na kuna mnyama anahusika hapo, tuwaeleze.

Wengi wenu mshamwona. Ukilima kando ya migomba pale udongo ni laini jembe linamtoa, wa kahawia, hana miguu, mwili una pete pete mpaka mtu anadhani ni mnyoo mkubwa, mwingine anadhani ni kanyoka anampiga jembe la pili amalize. Sio mnyoo na sio nyoka jamani. Ana uti wa mgongo, ana meno, ni amfibia, yaani ni wa ukoo wa chura, wataalamu wanawaita sesilia. Huyu wetu wanasayansi walimpa jina mwaka 2005, Boulengerula niedeni, mmoja wao akiwa Patrick Malonza wa Makumbusho ya Taifa, na dunia nzima anapatikana huu mlima wa Sagalla peke yake. Kwenye milima mingine ya Taita, Dabida hayuko, Mbololo hayuko, Kasigau hayuko. Hawezi kushuka akavuka ile nyika kavu ya Voi kutafuta kwingine maana ngozi yake inataka unyevu saa zote, kwa hivo akiisha hapa ameisha kabisa, na tayari ameshawekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Dabida kuna ndugu yake, na mwaka 2006 watafiti walieleza vile analea: watoto wakianguliwa ngozi ya mama inakuwa nene inajaa mafuta, wale wadogo wanaikwangua na vijimeno vyao wanaila, ndo maziwa yao hayo, na mama ametulia tu. Mimi hiyo habari ilinigusa sana. Mnyama wa ukoo wenye malezi kama hayo ndo sisi tunamkata kwa kutomjua.

Sasa shida ya bluugamu. Inakunywa maji vibaya, na ikisimama kando ya kijito udongo wa hapo unakauka unakuwa mgumu, mboji hakuna, na sesilia anaishi kwa kupenya kwenye udongo akitafuta mchwa na minyoo, atapenya wapi. Ongeza kulima mpaka ukingoni kabisa na ng'ombe kukanyaga pale pale wakienda kunywa, mvua ikija udongo wote unateremka. Hayo maji ndo tunachota sisi, hiyo mboji ndo ya migomba yetu. Kulima hakuna aliyesema muache, huyu mnyama anakaa vizuri tu kwenye shamba la ndizi lenye samadi na majani yaliyooza, tunaomba tu ile sehemu ya mtoni iachwe na miti.

Na tuseme ukweli, jirani aliyepanda bluugamu hakukosea, alitaka nguzo auze alipe fees, huwezi kumwambia akate halafu umwache mikono mitupu. Ndo maana sehemu kubwa ya hii pesa ni ya kuwafidia hao, na inayobaki ni ya kitalu cha mikuyu na mikindu na ya kulipa vijana wa kazi. Hatutang'oa visiki, ukiving'oa ukingo wote unabomoka, tutakata, lakini bluugamu ikikatwa inachipuka tena, kwa hivo lazima kuwe na watu wanapita kuvunja machipukizi mara kwa mara mpaka kisiki kife, na hiyo ni kazi ndefu, sio ya Jumamosi moja ya kupiga picha.

Tunalenga shilingi 250,000 kabla ya mvua za Novemba ndo miche ipate maji. Ukiwa na 100 leta, ukiwa na elfu kumi leta, mshukuru Mungu. Kutakuwa na mnada wa kuku, mikungu ya ndizi na chochote mtakacholeta. Walio mbali watatuma kwa M-Pesa, mweka hazina ataweka namba kwenye grupu letu la WhatsApp na kila mchango utasomwa kanisani pamoja na vile umetumika. Mwenye mbuzi wa mnada amwambie katibu mapema, na kama kuna mikuyu midogo imejiotea shambani kwako usiifyeke, vijana watakuja kuichukua.